Nyimbo za mono sasa zinakuzunguka: Tunapata nini, tunaweza kupoteza nini?

Vaa hedifoni, fungua Apple Music, tafuta albamu ya Pet Sounds ya The Beach Boys. Ilitoka mwaka 1966 ikiwa mono, yaani sauti zote kwenye njia moja. Leo ukiisikiliza kwa Dolby Atmos, mwimbaji yuko mbele yako, vyombo vingine pembeni, vingine kama vinatokea nyuma ya kisogo.

Albamu ya zamani hivyo imewezaje kukuzunguka? Na je, ni jambo la kushangilia?

Kazi rahisi na kazi ngumu

Kwa Pet Sounds, kanda za awali za studio zilikuwepo, na sehemu nyingi za muziki zilikuwa zimetenganishwa humo. Fundi alizichukua akazipanga upya. Toleo la Atmos likatoka 2023.

Shida inaanza pale ambapo kilichobaki ni mono tupu. Hapo sauti, gitaa na ngoma vimeshaungana. Ni sawa na kuambiwa utoe maziwa kwenye chai iliyokwisha kupikwa.

Miaka ya 1960 kampuni zilijaribu njia ya mkato. Capitol ya Marekani ilichukua rekodi za mono, ikapeleka sauti nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, ikachelewesha upande mmoja kidogo, ikaziuza kama stereo. Wapenzi wengi wa muziki hawakuipenda, na hadi leo wakusanyaji wa santuri wanaibeza.

Kilichobadilika ni akili mnemba

Mwaka 2019 kampuni ya Deezer ya Ufaransa ilitoa bure Spleeter, programu inayotenganisha wimbo kuwa sauti ya mwimbaji, ngoma, besi na vyombo vingine. Miaka miwili baadaye dunia ikaona filamu ya Get Back, ambapo timu ya Peter Jackson ilichambua kanda za mono za The Beatles za Januari 1969. Maongezi yaliyokuwa yamefunikwa na magitaa yakasikika.

Teknolojia hiyo ikatumika kwenye toleo jipya la Revolver mwaka 2022, kisha kwenye Now and Then, Novemba 2023. John Lennon alikuwa ameurekodi wimbo huo nyumbani kwa kaseti miaka ya 1970. Wenzake walijaribu kuumalizia mwaka 1995 wakakwama, kwa sababu kinanda kilikuwa kinaifunika sauti yake. Safari hii sauti ilitoka safi, na wimbo ukashinda Grammy mwaka 2025.

Lakini mashine inakisia

Hapa ndipo wengi tunapochanganya mambo. Programu haifukui sauti zilizokuwa zimefichwa mahali. Imefundishwa kwa nyimbo nyingi ambazo sehemu zake zinajulikana, kisha inakadiria: hiki huenda ni ngoma, hiki huenda ni mwimbaji.

Ikikosea, utasikia. Matoazi yanakuwa kama yanapigwa ndani ya maji, au mwangwi wa chumba unakatika ghafla. Na mahali pa kuweka kila chombo, mbele au nyuma, ni uamuzi wa fundi wa leo. Wapiga vyombo wa mono hawakupanga hivyo. Brian Wilson wa The Beach Boys, ambaye sikio lake la kulia lilikuwa na tatizo, aliichagua mono makusudi.

Kwa hiyo toleo jipya ni tafsiri. Linaweza kuwa tamu sana, ila halipaswi kuchukua nafasi ya asili.

Kwetu hatari ni kubwa zaidi

The Beatles wana kanda, wana pesa, wana mafundi. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, na kilichobaki ni santuri. Bendi nyingi za Tanzania zilirekodi kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na kanda hizo ni vitu vinavyochakaa kwa joto, unyevu na vumbi.

Mtu akichukua nakala mbovu ya wimbo kutoka mtandaoni, akaipitisha kwenye programu ya bure na kuipandisha kama "toleo jipya", anachozungusha masikioni mwako ni ubovu uleule. Hatua ya kwanza ni kuinakili kanda yenyewe vizuri, kwa mashine nzuri, kabla haijafa. Ukiwa na nakala hiyo unaweza kurudia kutenganisha kila programu inapoboreka. Kanda ikishaharibika, hakuna cha kurudia.

Pia wapo watunzi na familia zao. Gitaa lihamishwe kushoto au kulia, wimbo bado ni wa mtunzi, na toleo jipya likiingiza pesa, na yeye ana chake.

Jaribu mwenyewe

Cheza toleo la Atmos kwa spika ya simu yenye tundu moja: kila kitu kinarudi mono! Ndiyo maana mpangilio mzuri wa mono bado una kazi. Na kama unatumia iPhone, unaweza kuzima Dolby Atmos kwenye mipangilio ya Music, ukasikiliza tena wimbo uleule, halafu ukaamua wewe lipi linakugusa.