Mlinzi, Dereva na Mfanya Usafi Nao ni Sehemu ya Tiba

Kwa miaka mingi lami itokayo Arusha imeishia katika lango la Lodoare, mwendo mfupi kutoka mji wa Karatu. Ng'ambo ya lango hilo, barabara za vumbi na changarawe hupanda ukingo wa Kreta ya Ngorongoro na kuelekea Endulen, au kuteremka nyandani hadi Loliondo. Upande mwingine wa Karatu kuna njia iteremkayo Mang'ola na Ziwa Eyasi. Mjamzito anayeletwa kutoka huko usiku wa mvua na ukungu hutumia saa nyingi njiani. Naye mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua aweza kufariki ndani ya saa mbili asipotibiwa. Muda uliopotea njiani haurudi. Muda ambao hospitali yaweza kuuokoa ni ule unaoanza kuhesabiwa gari linapofika langoni.

Wataalamu wa afya ya uzazi huzungumzia ucheleweshaji wa aina tatu: katika kuamua kutafuta huduma, katika kufika kituoni, na katika kupata huduma baada ya kufika. Huo wa tatu ni wa hospitali yenyewe. Ukijitokeza, kikao huitwa. Huketi mganga mfawidhi, muuguzi mkuu, wakuu wa idara na mhasibu. Wote ni watu muhimu, lakini mara nyingi si wao waliomwona mgonjwa akichelewa.

Aliyemwona ni mlinzi, anayejua kwamba ufunguo wa lango la dharura hukaa na mtu mmoja, naye usiku huwa mbali. Aliyemwona ni mhudumu wa wodi, anayezunguka idara tatu akitafuta machela yenye magurudumu mazima. Dereva wa gari la wagonjwa anajua ni korongo gani halipitiki mvua ikinyesha, na ni mahali gani simu hupata mtandao ili wodi ya wazazi ipewe taarifa mapema. Mfanya usafi anayezungumza Kimaasai, Kiiraqw au Kidatoga husikia kwenye benchi la kusubiri maneno ambayo mgonjwa hatamwambia daktari: kwamba hakuelewa maelezo ya dawa, au kwamba anataka kuondoka kwa sababu hajui aende dirisha lipi. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wanaokilalia kitanda hiki hawaalikwi kikaoni.

Wazo la kuwashirikisha si geni nchini. Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970 uliagiza mashirika ya umma yawe na mabaraza ya wafanyakazi, na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ukawakemea viongozi wenye majivuno na dharau kwa walio chini yao. Sheria ya Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma ya mwaka 2003 nayo ilitoa nafasi kwa mabaraza hayo katika utumishi wa umma. Hata hivyo, baraza linalokutana mara chache kwa mwaka haliwezi kutatua tatizo la machela iliyovunjika usiku wa leo.

Kwa tatizo la namna hiyo ipo njia nyingine, nayo pia imekwisha kujaribiwa hapa. Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa ya Mbeya, kwa msaada wa Shirika la Ushirikiano wa Kimataifa la Japani, JICA, ilianza kutumia utaratibu uliozaliwa katika viwanda vya Japani na kufanyiwa kazi katika hospitali ya wanawake ya Castle Street mjini Colombo, Sri Lanka. Wizara ya Afya ikaueneza katika hospitali nyingine. Watumishi wengi wanazijua hatua zake tano: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Juu yake hujengwa Kaizen, yaani uboreshaji mdogo mdogo usiokoma.

Kiini cha utaratibu huo ni timu ndogo katika kila sehemu ya kazi, ambamo muuguzi, mhudumu na mfanya usafi huketi pamoja, wakataja tatizo, wakatafuta chanzo, wakajaribu dawa yake na kupima matokeo. Hatari ni kuubakiza kwenye rangi za sakafu na lebo za kabati, vitu vinavyopendeza siku ya ukaguzi. Hospitali yaweza kuwa na stoo iliyopangwa vizuri na bado mhudumu akaogopa kusema kwamba mtungi wa oksijeni uliomo ni mtupu.

Wapo madaktari watakaohoji kwamba tiba haiamuliwi kwa kura. Ni kweli. Kipimo cha dawa na uamuzi wa kupasua hubaki kwa aliyesomea. Lakini kumsikiliza mtu si kumpa kisu cha upasuaji. Hata ndani ya chumba cha upasuaji sauti ya kila mmoja ina thamani. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani huwataka waliomo kujitambulisha kwa jina na kazi kabla ya kupasua. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kujitambulisha ni sehemu moja tu ya orodha hiyo, lakini muuguzi aliyekwisha kutamka jina lake mbele ya daktari bingwa hupata wepesi wa kumwambia kuwa pamba moja haijaonekana.

Hoja nzito zaidi ni kwamba watumishi ni wachache na wamechoka. Ushirikishwaji usitumiwe kufunika upungufu wa watu, damu na dawa. Hakuna timu itakayoziba pengo la mkunga ambaye hajaajiriwa. Lakini uchache huo ndio sababu ya kutopoteza dakika kutafuta funguo na machela. Na tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha nyingi za vituo vya umma huingia moja kwa moja katika akaunti zao, hivyo matengenezo madogo yaweza kuamuliwa papo hapo.

Kinachohitajika ni mambo matatu. Kwanza, dakika kumi katika makabidhiano ya zamu, angalau mara moja kwa wiki, ambapo mtumishi wa cheo cha chini ndiye anayesema kwanza. Bosi akishasema, wengine huitikia tu. Pili, kila tatizo lililotajwa lipate jibu ndani ya muda unaojulikana, hata kama jibu ni kwamba haliwezekani, na kwa nini. Tatu, anayefichua kosa asiadhibiwe kwa kulifichua. Bila hilo la tatu, mawili ya kwanza ni maigizo.

Mgonjwa na ndugu zake nao wanahusika. Wao pekee hupitia safari nzima, toka lango hadi dirisha la dawa, ilhali kila mtumishi huona kipande chake tu. Neno lao lisisubiri kutumbukizwa kwenye sanduku la maoni ambalo ufunguo wake umepotea.

Usiku mwingine gari litateremka kutoka Ngorongoro likiwa na mama anayevuja damu. Atakayelipokea kwanza ni mlinzi. Ni vema awe amekwisha kuulizwa, mapema na kwa heshima, ni kitu gani humchelewesha kufungua lango.