Maji ya Udhu na Shimo la Choo

Wiki hii twazungumzia maji yapitayo miguuni mwetu mara tano kwa siku.

Katika fikihi ya Imamu Shafii, ifuatwayo na wengi wetu hapa pwani, maji yaliyokwisha kutumika kwa udhu wa faradhi huitwa mustaamal: hayatwaharishi tena, ila yenyewe ni twahara. Mti waweza kuyanywa. Lakini katika misikiti yetu mingi bomba lake hukutana na la choo, yote yakaingia shimo moja, yakawa najisi. Shimo nalo hujaa upesi, na jiwe letu la matumbawe halizuii maji. Visima vya majirani ndivyo vilipavyo. Kisha twanunua maji ya mkokoteni kumwagilia mindimu ya uani!

Hata maji ya choo hayakukatiwa tamaa. Mwaka 1978 Baraza la Wanazuoni Wakuu la Saudia liliamua kwamba yakisafishwa hata isisalie athari ya najisi katika rangi, ladha wala harufu, hurejea kuwa twahara, yakafaa kwa udhu; kuyanywa waliona ni bora kuepukwa, kwa kuchelea afya. Windhoek, mji mkuu wa Namibia, huyanywa tangu 1968.

Mitambo hiyo ni ghali, si ya mtaa. Kutenga bomba la udhu twaweza, na ni rahisi zaidi kabla ya sakafu kumwagwa. Kamati zinazojenga sasa na zimuulize fundi: maji ya udhu yaelekea wapi? Akijibu shimoni, kazi isimame kwanza.