Dawa ya Kichina: Kuunguza si kuponya

Msomaji, huenda nawe umewahi kupewa mizizi na magome ya Kichina, ukaambiwa uchemshe na unywe. Wengi wetu huinywa dawa hiyo ingali inatoa mvuke, tukidhani kadiri inavyounguza ndivyo inavyoponya. Hilo ni kosa.

Waganga wa China wenyewe hawafundishi hivyo. Zhang Zhongjing, aliyeishi yapata miaka 1,800 iliyopita, aliagiza dawa yake ya vijiti vya mdalasini inywewe ikiwa vuguvugu. Kilichofuata moto kilikuwa uji mwepesi, kisha mgonjwa alijifunika ili atoke jasho. Hadi leo dawa nyingi za aina hiyo hunywewa vuguvugu, na nyingine za kutuliza joto mwilini huachwa zipoe.

Hatari ya moto si ndogo. Mwaka wa 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani (WHO) walionya kuwa vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 za Selsiasi huenda vikasababisha saratani ya umio. Hapa Kenya, saratani hiyo ni miongoni mwa zile zinazoua watu wengi.

Basi mimina dawa kikombeni, usubiri. Ikiwa ni lazima uipulize ndipo uionje, bado haijafaa kunywewa. Pia usisahau kwamba kuchemsha hakuondoi kila sumu iliyomo katika mitishamba. Mweleze daktari wako unachokunywa, hasa ukiwa mjamzito au unatumia dawa za hospitali.