Fundi akikwambia "duka lako lina kasoro ya 9.8", muulize kwanza: 9.8 kwa nani?

Leo siongelei picha za bidhaa wala namna ya kumjibu mteja wa "bei gani" inboksi. Naongelea zile namba za kutisha ambazo mafundi wa websaiti wanatutumia: "Duka lako lina kasoro ya 9.8 kati ya 10, lipa leo nikurekebishie." Msimamo wangu nausema mapema. Namba hiyo peke yake haitoshi kumtoa mtu hela mfukoni. Lakini ukiipuuza kabisa, hapo nako unacheza.

Tuelewane kwanza inakotoka. Wengi wetu tuliohama kutoka kuuzia WhatsApp tu tukafungua duka la mtandaoni, tunatumia WordPress na WooCommerce. Hizi ni programu huria, yaani kodi yake iko wazi, unaichukua bure, na mtu yeyote duniani anaweza kuisoma na kuitafuta ubovu. Kasoro ya usalama ikionekana inapewa namba ya utambulisho inayoitwa CVE, utaratibu ulioanza mwaka 1999. Halafu inapimwa ukali kwa mizani ya CVSS, kuanzia 0 hadi 10. Kuanzia 9 kwenda juu ndiyo ya hatari kabisa, 7 hadi 8.9 ni kubwa, 4 hadi 6.9 ni ya wastani, chini ya hapo ni ndogo.

Sasa shida iko hapa: anayepima hajawahi kuliona duka lako.

Mimi niko Majengo, Sumbawanga, nauza dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika, natuma kwa basi mpaka Mbeya, Dodoma na Dar. Dagaa walioanikwa chini wana mchanga, kila mtu anajua. Mteja anayekaanga nyumbani anawapepeta, anawaosha, maisha yanaendelea. Ila kuna dada anasaga dagaa wangu kwenye unga wa lishe wa watoto. Kwake mchanga ule ule ni msiba, atapoteza wateja wote kwa wiki moja. Mchanga haujabadilika. Kilichobadilika ni wanakoenda hao dagaa. Ukiniuliza mchanga ni kasoro ya ngapi kati ya 10, nitakujibu niambie kwanza unampelekea nani.

Na hata wakubwa wanagombana juu ya jambo hili. Kuna programu inaitwa curl, inasafirisha data kwenye intaneti, iko ndani ya vifaa vingi kuliko unavyodhani. Mwenye nayo ni Daniel Stenberg wa Sweden. Mwaka 2023 alikuta programu yake imewekewa kasoro ya 9.8 kwenye hifadhidata ya serikali ya Marekani. Kasoro yenyewe? Mtu akiandika namba kubwa kupita kiasi kwenye sehemu ya kusema "subiri sekunde kadhaa kabla ya kujaribu tena", programu inasubiri muda tofauti na aliotaka. Basi. Na ilikuwa imesharekebishwa tangu 2019! Stenberg alilalamika hadharani kwamba hilo si suala la usalama hata kidogo, na baadaye wakaishusha hadi 3.3. Fikiria, kutoka 9.8 hadi 3.3, na hakuna herufi hata moja ya programu iliyobadilika.

Ungekuwa umeshamlipa fundi, hela irudi? Hairudi.

Mwaka 2022 watu wa OpenSSL nao walitangaza kasoro ya daraja la juu kabisa inakuja, mafundi wakakaa macho wiki nzima, na tarehe 1 Novemba wenyewe wakaishusha daraja moja. Hao angalau walijishusha wenyewe.

Lakini msinielewe vibaya mkaanza kusema namba zote ni uongo. Machi 2023 plagini ya WooCommerce Payments ilipewa hiyo hiyo 9.8, na safari hii ilistahili. Mtu asiye na paswedi yoyote angeweza kujifanya ndiye mwenye duka. Wenye WordPress wakalazimisha apdeti kwenye maduka bila kusubiri mtu akubali. Julai mwaka huo huo wadukuzi wakaanza kuyasaka yale yaliyobaki nyuma, na kampuni ya Wordfence ikahesabu mashambulizi milioni 1.3 kwa siku moja, tarehe 16. Duka langu halina plagini hiyo, wateja wangu wananilipa kwa simu. Kwa hiyo 9.8 ile kwangu ilikuwa sifuri, na kwa mwenzangu aliyeiweka ilikuwa kumi.

Umeona? Namba ni moja, kasoro mbili, maana mbalimbali.

Mimi naona kila mmoja anavutia kwake. Aliyeigundua kasoro anataka ionekane kubwa, ndiyo sifa yake. Aliyeandika programu bure, usiku, bila mshahara, anataka ionekane ndogo, na wengine wana kiburi kweli. Anayeuza ulinzi anafurahia ukiogopa. Katikati yupo muuza dagaa ambaye hakuna aliyemuuliza.

Juzi kati fundi mmoja alinitumia skrinshoti ina maandishi mekundu, akataka laki na nusu. Nikamuuliza maswali mawili tu: plagini gani, na toleo namba ngapi? Alikaa kimya mpaka jioni, halafu akataja plagini ambayo sijawahi kuiweka. Mazungumzo yakaishia hapo.

Upande wa pili sasa, na huu ndio unaoniuma zaidi. Kuna kasoro zinapewa 5, zinaitwa za wastani, kwa sababu haziangushi saiti wala hazimpi mtu uongozi wa duka. Zinaonyesha tu orodha ya oda. Tu! Orodha hiyo ina jina la mteja, namba ya simu, alichonunua na alicholipa. Tapeli akiipata anampigia mama wa watu Dodoma: "Mzigo wako wa dagaa kilo tano umekwama stendi, tuma elfu kumi kwa namba hii." Anajua kilo, anajua jina, nani hatatuma? Kwa muuzaji mdogo hiyo ndiyo 10 yenyewe. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 2023, na taarifa za mteja wako ziko mikononi mwako wewe, siyo mwa aliyeandika plagini.

Kwa hiyo mimi napanga ukali kivyangu. Naangalia kama plagini ninayo na toleo ni lile lililotajwa. Naangalia kama mtu anaweza kuingia bila paswedi. Kisha naangalia kama inagusa simu za wateja au hela. Ikigusa, naapdeti usiku huo huo hata kama wameiandika 4. Isipogusa, inasubiri Jumapili, nachukua bakapu kwanza, naapdeti zote kwa pamoja, kisha najifanya mteja na kuweka oda moja ya majaribio mpaka mwisho. Plagini nisiyoitumia naifuta kabisa, kuizima tu haitoshi. Tahadhari nazisoma kwa TZ-CERT, kitengo kilicho chini ya TCRA, ni bure.

Na kama fundi wako ni mkweli, atakutajia plagini na toleo bila kukasirika. Wapo, tena hapa hapa Sumbawanga, na hao nawalipa bila kuomba punguzo.