Kosa Lisibandikwe kwa Mtumiaji

IPO tabia iliyozoeleka katika ofisi zetu: mtambo ukigoma, wa kwanza kulaumiwa ni yule aliyeketi mbele yake. Historia ya modemu za majumbani, zile za mwishoni mwa miaka ya 1970 na za miaka ya 1980, yaonyesha jinsi lawama hiyo inavyoweza kuwa dhuluma.

Kazi ya modemu ilikuwa kugeuza herufi za kompyuta kuwa milio, ili zipite katika waya wa simu uliokusudiwa sauti za watu. Nchini Marekani, mpaka uamuzi wa Carterfone wa mwaka 1968, kampuni kuu ya simu iliwazuia wateja kuunganisha vyombo vyao wenyewe katika waya wake. Hata baada ya hapo wengi waliendelea kuulaza mkono wa simu juu ya vikombe viwili vya mpira, modemu ikisikiliza kama sikio. Mlango ukibamizwa, herufi za ovyo zilijaa kwenye kioo.

Mwaka 1981 ilitoka Hayes Smartmodem, iliyopokea amri kutoka kwenye kompyuta yenyewe. Mwendo wake ulikuwa biti 300 kwa sekunde, yaani herufi 30 hivi. Tahariri hii ingechukua zaidi ya dakika moja kufika. Vituko havikwisha. Mtu wa nyumbani akiinua simu ya chumba cha pili, mawasiliano yalivurugika. Herufi zikionekana mbilimbili, mwenye kompyuta alidhani imeharibika, kumbe kompyuta yake na ile ya mbali zote zilikuwa zikimwonyesha herufi ileile. Dawa ilikuwa kubadili mpangilio mmoja tu, lakini nani alimwambia?

Zito zaidi ni hili. Marekani walitumia milio ya kiwango cha Bell 103, Ulaya wakatumia ile ya V.21. Mwendo ni ule ule, milio mbalimbali. Modemu nzima, isiyo na kasoro yo yote, iliweza kupiga simu ng'ambo isielewane na mwenzake. Kadhalika, modemu iliyozoea mlio wa simu wa kwao, ikisikia wa nchi nyingine, ilidai kwamba waya umekufa. Baadaye aliyeijua amri ya X3 aliifanya ipige bila kungoja mlio. Asiyeijua alionekana mjinga.

Sisi wa visiwani, ambao karibu kila mtambo unatufikia ukiwa umekwisha kuamuliwa na wengine, hatuna budi kulitazama jambo hili kwa makini. Kumkaripia karani kwa kosa la kiwango ni umangimeza mtupu.

Tunaziomba idara zinazohusika, kabla ya kupokea mtambo wo wote, zidai kijitabu cha maelezo kwa Kiswahili, chenye kutaja viwango vinavyotumika. Aidha, kila ofisi iweke daftari la hitilafu: siku, saa, mtambo ulifanya nini, na fundi aliitwa lini. Daftari hilo likaguliwe na mkuu wa idara mwenyewe.