Uniti 75 zinatosha kupikia? Hesabu ya umeme vijijini Mbeya na Iringa

Kwa miaka mingi swali la wasikilizaji wetu wa Mbarali, Rungwe, Kilolo na Mufindi lilikuwa moja: umeme utafika lini? Wakala wa Nishati Vijijini (REA), ulioanza kazi mwaka 2007, sasa umefikisha umeme karibu vijiji vyote vya Tanzania Bara, na kazi imehamia vitongojini. Lakini katika nyumba nyingi zenye umeme, ugali bado unasongwa kwa kuni. Kwa nini? Tupige hesabu pamoja.

Kuunganishwa ni mwanzo

Kijijini, ada ya kuunganishiwa umeme ni shilingi 27,000. Mwaka 2021 bei hiyo ilitangazwa kwa nchi nzima, lakini Januari 2022 maeneo ya mjini yakarudishiwa ada ya zamani, kuanzia shilingi 320,960. Tofauti ni karibu mara 12. Ndiyo maana watu wa pembezoni mwa Jiji la Mbeya au Mji wa Mafinga, ambao bado wanalima mahindi nyuma ya nyumba, wanauliza sana kama eneo lao linahesabiwa kijiji au mji.

Baada ya ada kuna fundi, nyaya, swichi na soketi, na hapo ndipo wengi hukwama. Kwa nyumba ndogo kipo kifaa cha UMETA, yaani Umeme Tayari, kinachopunguza gharama ya kutandaza nyaya.

Uniti ya 76

Bei zinazotumika zilipangwa na EWURA mwaka 2016. Mteja mdogo wa nyumbani, anayeitwa D1, hulipa shilingi 100 kwa kila uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi. Ukiongeza VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1, uniti inakuwa shilingi 122. Uniti 75 zote ni shilingi 9,150.

Ukivuka hapo, uniti moja inapanda hadi shilingi 350, na pamoja na makato ni shilingi 427. Aliyetumia uniti 100 atalipa shilingi 10,675 kwa zile 25 za juu peke yake. Maana yake uniti 25 za mwisho zinamgharimu kuliko 75 za mwanzo.

Mteja wa T1, wa matumizi ya kawaida, hulipa shilingi 292 kwa uniti, au karibu 356 pamoja na makato. Uniti 75 kwake ni kama shilingi 26,700. Anayezidisha matumizi mara kwa mara anaweza kuhamishwa kutoka D1 kwenda T1, na hapo ndipo tunaposikia: "Luku inakula hela."

Kwa nyumba zinazotozwa kodi ya jengo, kodi nayo inakatwa kwenye Luku tangu Agosti 2021. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikawa 1,500. Anayedaiwa kodi hiyo ni mwenye nyumba, kwa hiyo mpangaji aliyekatwa anapaswa kukubaliana naye namna ya kurudishiwa.

Jiko linapoingia

Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia. Umeme ni mojawapo ya nishati hizo.

Jiko la koili la wati 1,500 likiwaka saa moja kwa siku linatumia uniti moja na nusu, yaani uniti 45 kwa mwezi. Zinabaki 30 kwa taa, redio, simu, televisheni na pasi. Familia ya watu saba inayochemsha maharage haimalizi kupika kwa saa moja. Itavuka 75, na kila sufuria inayofuata itapikwa kwa bei ya juu. Jiko la presha la umeme lina nafuu kubwa kwa sababu likishapata joto hujizima na kujiwasha lenyewe, ila bei yake dukani ni mzigo kwa mkulima.

Kwa maoni yetu, hapa sera mbili zinavutana. Moja inasema pikeni kwa umeme, nyingine inamtoza zaidi anayefanya hivyo. Kikomo cha 75 kinamfaa mtu wa taa na redio, lakini hakimtoshi mama anayetaka kuacha kuni.

Umeme wa kazi

Nafuu ya D1 haikupangwa kwa biashara. Saluni, friza la samaki na karakana ya kuchomelea hulipa bei ya juu. Mashine kubwa za kukoboa mpunga, kama za Igurusi, au za kupasua mbao kule Mufindi, zinahitaji umeme wa njia tatu. Kijiji chenye laini ya njia moja tu kinapata mwanga, lakini mpunga na magogo yake yataendelea kupelekwa kwingine, na ajira zitafuata huko huko.

Nani alipe?

Shilingi 100 haitoshi kubeba gharama zote za nguzo, transfoma na mafundi, na TANESCO inahitaji fedha za matengenezo. Kupandisha kikomo kutahitaji mtu wa kuziba pengo, awe Serikali au wateja wengine.

Lakini hali ya uzalishaji imebadilika. Mwishoni mwa 2023 tulikuwa kwenye mgawo. Mwaka 2024 mashine ya kwanza ya Bwawa la Julius Nyerere iliwashwa, na 2025 zote tisa zikakamilika, zenye uwezo wa megawati 2,115. Maji ya Ruaha Mkuu, yanayokusanyika Usangu na kupita Iringa, huzungusha kwanza mashine za Mtera na Kidatu kabla ya kuungana na mito mingine kuelekea huko. Tukikata miti ya vyanzo hivyo kwa kuni na mkaa, tunapunguza maji yanayotuletea umeme. Nafuu kwa anayepika kwa umeme inalinda pia mito hiyo.

Cha kufanya sasa: nenda ofisi ya TANESCO na namba ya mita yako, uliza uko D1 au T1, na kwa nini. Kijiji kinachotaka njia tatu kipeleke maombi kupitia serikali ya kijiji, kikitaja mashine zitakazofungwa. Bei zinapotaka kubadilishwa, EWURA hukusanya maoni ya wananchi, na ina ofisi ya kanda Mbeya. Siku hiyo hoja ya uniti 75 ipelekwe na wanaopika.