Mwanafunzi na Mawe ya Athens

Wako waungwana wanaodai kwamba kumsafirisha mwanafunzi wa falsafa hadi Ugiriki, ili akatazame miji iliyobomoka, ni israfu tupu, kwa kuwa maneno ya Plato na Aristotle yamekwisha kupigwa chapa na kuuzwa kwa bei nafuu, na mwenye bidii aweza kuyadurusu akiwa kitako barazani kwake. Hoja hiyo siidharau. Lakini waitoao huidhani falsafa kuwa ni maneno yaliyotungwa faraghani, ilhali kwa Socrates ilikuwa shughuli ya sokoni, mbele za watu, na misingi ya soko lenyewe ingalipo.

Kosa, kwa rai yangu, limo katika namna safari hizi zinavyoandaliwa. Mwanafunzi hupandishwa mbiombio Akropoli akalistaajabie hekalu la Parthenon, lililojengwa baina ya mwaka 447 na 432 K.K., akapigwa picha, kisha akarudishwa garini. Jengo hilo ni adhimu, wala simlaumu aduwaaye mbele yake. Ila waliohojiana habari za haki na wema walikuwa chini, upande wa kaskazini magharibi, katika uwanja wa Agora, ambao mgeni mwenye haraka huuona kuwa ni konde la mawe.

Katika pembe moja ya konde hilo, karibu na jiwe la mpaka lililochongwa maneno ya kujitambulisha kuwa ndilo mpaka wa Agora, wachimbaji wa Kiamerika, walioianza kazi yao mwaka 1931, walifukua msingi wa nyumba ndogo, na ndani yake misumari mifupi ya viatu, na pete za mfupa za kupitishia kamba, na kitako cha kikombe kilichokwaruzwa jina la Simon. Wapokezi wa kale wamesimulia habari za fundi viatu wa jina hilo, ambaye Socrates alikuwa akimzuru dukani, naye akiyaandika mazungumzo yao. Kama nyumba ni ya Simon huyo, hapana awezaye kuapa. Lakini mbele ya misumari ile mwanafunzi hufahamu, kuliko kwa kusimuliwa, kwamba maswali yale makubwa yaliulizwa mbele ya mtu mwenye nyundo mkononi na wateja mlangoni.

Ng'ambo ya reli ya Piraeus, iliyoukata uwanja huo vipande viwili, yako masalio ya ukumbi uliofukuliwa mwaka 1970, alimokaa hakimu aliyeitwa mfalme, mpokeaji wa mashitaka ya dini. Hapo Socrates aliitwa mwaka 399 K.K. kwa shitaka la kutoiheshimu miungu ya mji, na hapo Plato amemkutanisha na Euthyphro, mtu aliyekuja kumshitaki baba yake mzazi kwa kuua, akiwa na yakini kwamba aujua uchaji Mungu ni nini. Lau ningekuwa mwalimu wa safari hizo, ningewaketisha vijana ukingoni mwa mawe hayo wakasomeane mazungumzo yale kwa sauti, tangu mwanzo hata mwisho, garimoshi likipita na lipite. Kisha ningewaingiza makumbusho ya Agora wakazione kura za shaba za mahakama za karne iliyofuata: visahani viwili kwa kila mwamuzi, kimoja chenye kijiti kilichotoboka, cha mshitaki, na kingine chenye kijiti kisichotoboka, cha mshitakiwa, naye huvishika kwa gumba na kidole, akiziba ncha zake, asijue jirani amehukumu nini.

Juu ya kilima cha Philopappos yapo mapango yenye vyuma milangoni, ambayo wageni huambiwa kuwa ni gereza la Socrates. Hapana ushahidi wa hayo, na lijulikanalo kwa hakika ni kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili mambo ya kale yalifichwa humo. Mwanafunzi wa falsafa akiipiga picha ile pasi na kuuliza, basi nauli yake imepotea kweli.

Tena yako magofu ya Lyceum, yaliyogunduliwa mwaka 1996, alipofundisha Aristotle, ambaye wanavyuoni wa Kiislamu walimwita Mwalimu wa Kwanza na ambaye mantiki yake imedurusiwa madrasani karne baada ya karne. Bwana huyo huyo ameandika kwamba wako watu waliozaliwa kuwa watumwa kwa tabia yao, katika dola ambayo fedha yake ilichimbwa na watumwa huko Laurion. Kijana aliyekulia Bagamoyo au Unguja ana haki ya kumwuliza Mwalimu wa Kwanza, pale pale chuoni pake, ameipata wapi hoja hiyo na mantiki yake i wapi, wala asiulize kwa mnong'ono eti kwa kuwa yeye ni mgeni: magofu yaliyofukuliwa pale ni ya uwanja wa miereka.